"Mtoto hasikii": uziwi ni nini, na nani huitwa kiziwi

Mzazi akisema sokoni "mtoto wangu hasikii", wengi wataelewa kwamba mtoto ni mtukutu. Akimwambia mwalimu, mwalimu atadhani mtoto hashiki anachofundishwa. Ni mpaka afike kwa daktari wa masikio, pua na koo ndipo sentensi hiyo inapochukuliwa kuwa habari ya masikio, na hata hapo daktari makini atauliza tena: hasikii vipi? Haitiki akiitwa kutoka nyuma, au anaitika ila hafuati anachoambiwa?

Kosa si la mzazi. Kitenzi kusikia kina kazi nyingi katika Kiswahili. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, njaa na maumivu ya tumbo. Mtoto msikivu ni mtiifu, na usikivu ni uwezo wa masikio na adabu kwa wakati mmoja. Sikio la kufa halisikii dawa, na anayelaumiwa kwa kutia pamba masikioni hana pamba yoyote. Ndiyo maana upungufu wa kusikia hujificha kwa urahisi nyuma ya tabia. Mtoto ambaye sauti ndogo hazimfikii hugeuka akipigiwa ukelele, ila hageuki akiitwa kwa sauti ya kawaida. Watu wa nyumbani huhitimisha kwamba "anasikia anapotaka". Maneno hayo mawili yangetosha kumpeleka mtoto akapimwe. Badala yake huwa sababu ya kumchapa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa ya uziwi, inafaa kulipekua neno lenyewe.

Uziwi na kiziwi

Uziwi ni hali, kiziwi ni mtu. Ni kama upofu na kipofu, uwete na kiwete, ubogoyo na kibogoyo: kiambishi ki- kinaondoka, u- inakaa mahali pake. Umbo "ukiziwi" husikika mitaani, lakini limevishwa viambishi viwili kwa kazi ya kimoja. Sauti za mzizi wake zinakaribiana na kitenzi ziba, na wengi huviweka pamoja bila kufikiri wanaposema "masikio yameziba". Ukaribu huo ni mtamu kwa mpenzi wa lugha, ila humpotosha mgonjwa. Uziwi mwingi wa kudumu hautokani na kitu chochote kilichoziba, na hakuna cha kuzibua.

Katika sentensi, kiziwi hupatana kama mtu: kiziwi huyu amefika, viziwi wale wamefika. "Kiziwi hiki kimefika" ni kosa la sarufi au ni tusi, kutegemea nia ya msemaji.

Hapa ndipo ulipozaliwa mjadala wa miaka mingi. Kuna wanaosema kwamba ngeli ya ki-vi ni ya vitu, hivyo neno kiziwi linamshusha mtu, na afadhali tuseme "asiyesikia" au "mwenye ulemavu wa kusikia". Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana kilema, kiwete na kibogoyo wamo humo humo. Lakini wamo pia kijana, kiongozi, kiranja, kinyozi na kipenzi, na hakuna kiongozi aliyewahi kulalamika kwamba cheo chake kimemgeuza kuwa kitu. Tena wenye jina wameshachagua. Chama chao Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na shule ya Buguruni, Dar es Salaam, ni Shule ya Viziwi. Shirikisho la Viziwi Duniani, lililoundwa Roma mwaka 1951, liliamua mwaka 1991 kwamba maneno rasmi yawe mawili, yaani viziwi na wenye usikivu hafifu, badala ya neno moja la jumla linaloanza kwa kutaja kasoro.

Maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi. Kwa kawaida kiziwi ni mtu ambaye masikio hayamtoshi kufuata mazungumzo hata akiongezewa sauti, na mara nyingi lugha yake ya kila siku ni ya mikono. Mwenye usikivu hafifu bado anatumia mazungumzo ya mdomo, kwa kifaa au bila kifaa. Kumwita huyu wa pili "asiyesikia" si kweli, maana anasikia, ila pungufu. "Mwenye ulemavu wa kusikia" ni mwavuli wa makundi yote mawili. Unafaa kwenye sheria, fomu na bajeti, lakini haumwambii mwalimu aandae nini darasani. Kisha wapo viziwi wasioona, ambao mahitaji yao hayapatikani kwa kujumlisha ya kiziwi na ya kipofu: wengi hupokea mazungumzo kwa kugusa, mkono juu ya mkono.

Bubu ni neno la kuachwa. Linadai kwamba mtu hana sauti, wakati koo na nyuzi za sauti za kiziwi huwa nzima kabisa. Analia, anacheka, anapiga kelele. Asichokuwa nacho ni kielelezo cha sauti cha kuigiza, kwa kuwa maneno ya wengine hayakumfikia tangu utotoni. Mazoea ya kuyaunganisha mambo hayo mawili ni ya zamani. Aya ya 18 ya Sura ya Pili ya Kurani inawataja viziwi, mabubu na vipofu kwa pamoja, ingawa inayozungumziwa pale ni mioyo iliyokataa haki. Biblia ya Kiswahili ya zamani, katika Marko 7, ilichagua vizuri zaidi: inamtaja mtu kuwa kiziwi, kisha inaongeza kwamba ana utasi, yaani uzito wa ulimi. Masikio yametajwa peke yake na ulimi peke yake.

Kiasi gani?

Mtu anayesema "nina uziwi" hajasema mengi mpaka ataje kiasi, sehemu na wakati ulipoanza.

Kiasi hupimwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti. Mpimwaji hukaa katika chumba kimya, akavishwa vipaza sauti vya masikioni, na hubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Mlio hupunguzwa mpaka ufike ule mdogo kabisa anaoweza kuusikia, na zoezi hurudiwa kwa milio mizito na myembamba, kwa kawaida kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 8,000. Matokeo huchorwa kwenye odiogramu: duara, mara nyingi jekundu, ni sikio la kulia, na alama ya X, mara nyingi ya bluu, ni la kushoto. Kadiri alama zinavyoshuka chini ya karatasi, ndivyo sauti ilivyohitaji kuongezwa.

Kisha huchukuliwa wastani wa vipimo vinne vya sikio lililo bora: hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000. Tuseme vimesoma 40, 45, 55 na 60. Jumla ni 200. Ukigawa kwa nne unapata desibeli 50. Kwa mgawanyo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2021, chini ya 20 ni usikivu wa kawaida. 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa wastani. 50 hadi chini ya 65 ni wa wastani uliozidi. 65 hadi chini ya 80 ni mkubwa. 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa sana. Na kuanzia 95 ni uziwi kamili. Mtu wetu wa 50 ameingia kwenye wastani uliozidi. Kwa mgawanyo wa zamani, ambao bado unatumika katika karatasi nyingi, wastani ulianzia 41 hadi 60, kwa hiyo mtu huyo huyo angeandikiwa "wastani" tu. Familia ikipeleka vyeti viwili vyenye majina tofauti, yaangaliwe madaraja yaliyotumika kabla ya kudhani hali imebadilika.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kugeuza desibeli kuwa asilimia. Desibeli 50 si "amepoteza nusu ya masikio". Kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha: kila ongezeko la 10 ni nguvu ya sauti mara kumi. Sifuri yenyewe si ukimya, bali ni takriban sauti ndogo kabisa ambayo kijana mwenye masikio mazima anaweza kuinasa. Mnong'ono uko karibu na 30, na mazungumzo ya kawaida karibu na 60. Mwenye kiwango cha 50 ukikaa naye uso kwa uso sebuleni atajibu vizuri, nawe utashangaa kusikia kwamba ana tatizo. Mhamishie jikoni feni ikizunguka na bomba likitiririka, na mazungumzo yamekwisha.

Wenye upungufu unaozidi desibeli 35 katika sikio bora, kiwango kinachohesabiwa kuhitaji huduma, ni zaidi ya watu milioni 430 duniani kwa hesabu za shirika hilo hilo.

Wapi?

Sauti huingia kwa tundu la sikio, ikatetemesha ngoma ya sikio, ikapokelewa na mifupa mitatu midogo iitwayo nyundo, fuawe na kikuku, ikaingia kwenye koklea, kiungo kilichojizungusha kama gamba la konokono. Humo ndani seli zenye vinyweleo hugeuza mtetemo kuwa taarifa ya neva, na neva huipeleka kwenye ubongo.

Tatizo likiwa kabla ya koklea, ni uziwi wa upitishaji: nta iliyojaa, usaha wa sikio la kati, ngoma iliyotoboka, kikuku kilichoganda. Huu ndio uziwi wa kuziba kweli, na mwingi hutibika. Tatizo likiwa kwenye koklea au neva, ni uziwi wa sikio la ndani, na vinyweleo vya binadamu vikifa havioti tena. Humo wamo wazee, waliokaa miaka mingi kwenye mashine za kusaga bila kinga, waliougua homa ya uti wa mgongo, watoto wachanga waliopata manjano kali, watoto ambao mama zao waliugua rubela wakiwa wajawazito, na waliodungwa dawa kama gentamaisini, streptomaisini au kanamaisini kwa kipimo kikubwa au kwa muda mrefu. Kwinini pia huleta mlio masikioni na kupunguza usikivu, ila mara nyingi hali hiyo hurudi ikiachwa. Yanaweza pia kuwapo yote mawili, na huo huitwa uziwi mchanganyiko.

Mpimaji hutofautisha kwa kupitisha sauti njia mbili: kwa hewa, kupitia tundu la sikio, na kwa mfupa, kupitia kitetemeshi kilichowekwa nyuma ya sikio. Mfupa ukisikia vizuri na hewa ikasikia vibaya, kizuizi kiko nje ya koklea. Vyote vikishuka pamoja, tatizo liko ndani.

Na hapa neno "kuzibua" hufanya madhara yake. Pamba za vijiti huisukuma nta ndani zaidi, na njiti ya kiberiti huchubua. Mafuta ya moto na juisi za majani zikipita kwenye ngoma iliyotoboka huingia sikio la kati moja kwa moja. Sikio linalotoa usaha halitiwi kitu mpaka lichunguzwe.

"Nasikia, ila sielewi"

Uziwi wa sikio la ndani mara nyingi huanza kwenye sauti nyembamba. Irabu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo zinabaki. Konsonanti hafifu kama s, f, sh, th na h ndizo zinazotoweka. Mzee husikia kwamba umesema kitu, anasikia hata kwamba umesema kwa hasira, lakini fika, shika na sita zinamjia karibu sawa, na samani haitofautiani na thamani.

Kiswahili kina mtego wake hapa ambao haupewi uzito unaostahili. Kukanusha kwetu mara nyingine kunategemea h moja tu. "Atakula" na "hatakula", "ataondoka kesho" na "hataondoka kesho": tofauti ni pumzi ndogo mwanzoni mwa neno, tena ndiyo sauti dhaifu kuliko zote katika sentensi. Babu akifanya kinyume cha alichoambiwa, huenda hakukaidi wala hakusahau, h haikufika. Ukizungumza naye, sema "hapana" kwanza, kisha sentensi: hapana, dawa hii hainywewi usiku. Kaa mbele yake, mwanga uwe usoni pako na si nyuma yako. Usipige kelele. Kelele huongeza irabu ambazo tayari anazisikia na huvuruga umbo la midomo anayoisoma. Sema polepole kidogo, na asipoelewa, badilisha maneno badala ya kurudia yale yale.

Lini?

Mtoto aliyezaliwa kiziwi na mtu mzima aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 40 wanaweza kuwa na odiogramu inayofanana kabisa, na bado hali zao zikawa mbali kama mashariki na magharibi. Wa pili ana Kiswahili kichwani. Anahitaji maandishi, kifaa na subira ya watu. Wa kwanza hana lugha yoyote bado, na kila mwezi unaopita bila lugha, iwe ya mikono au ya mdomo, ni deni ambalo shule haitaweza kulilipa lote. Ndiyo maana wataalamu huuliza kwanza kama uziwi ulikuja kabla ya lugha au baada ya lugha, na ndiyo maana ushauri wa "tungoje akue, wengine huchelewa kusema" hugharimu sana.

Kuna uziwi mmoja usiongoja hata wiki. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa 72 au mtu akaamka nao asubuhi, ni dharura. Wengi hudhani ni nta au mafua, wakatia matone na kusubiri. Dawa za steroidi zinazojaribiwa kwa hali hii hufaa zaidi zikianza ndani ya siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua. Jaribio la nyumbani ni kufunga mdomo na kuvuma "mmm". Mvumo ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, huenda ni kuziba. Ukihamia sikio zima, shaka iko sikio la ndani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari; kazi yake ni kukuondolea kisingizio cha kungoja.

Kelele, kwa upande wake, huua taratibu. Desibeli 85 kwa saa nane ndicho kikomo kinachotumika katika sehemu nyingi za kazi, na kila nyongeza ya 3 hukata muda kwa nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, 94 kwa saa moja. Kwa desibeli 100, ambazo spika za sherehe huzifikia bila shida, ni dakika 15.

Vifaa na lugha

Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti; hakirudishi vinyweleo vilivyokufa. Kwa hiyo mtu anayekivaa hajaacha kuwa na upungufu, na wiki za kwanza atalalamika kwamba vijiko vinagongana kama radi. Ubongo huzoea, mara nyingi kwa wiki kadhaa za kukivaa kila siku. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni vitu vidogo: betri iliyoisha bila mtu kujua, mrija ulioziba kwa nta, au kipande cha sikioni ambacho mtoto amekikulia, hivyo sauti huvuja na kifaa kupiga mluzi. Kipandikizi cha koklea, ambacho Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kukiweka mwaka 2017, huiruka sehemu iliyokufa na kuichochea neva yenyewe kwa umeme. Hata hivyo aliyepandikizwa akivua kile kipande cha nje usiku au akiogelea, yu kiziwi kama awali. Kusema "amepona uziwi" ni kumwekea matarajio ambayo hataweza kuyafikia.

Upande wa mikono, Watanzania husema lugha ya alama na Wakenya lugha ya ishara, na si majina mawili ya kitu kimoja. Lugha ya Alama ya Tanzania na Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha tofauti, kila moja ikiwa na msamiati na sarufi yake, wala hakuna iliyo Kiswahili kilichowekwa mikononi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kiziwi aliyesoma kwa lugha ya alama anaweza kuandika Kiswahili kwa mpangilio unaoonekana umevunjika. Anaandika kwa lugha yake ya pili, tena ambayo hajawahi kuisikia.

Kwa hiyo anayeandaa mkutano na kuandika kwenye fomu "je, una uziwi? ndiyo/hapana" hajauliza kitu kitakachomsaidia. Aulize: unahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na ya nchi gani? Unahitaji maandishi ya papo hapo kwenye skrini? Unahitaji kukaa mbele, au upande wa sikio lako bora, na sikio hilo ni lipi? Wakalimani wa mkutano wa saa moja na zaidi wawe wawili wakipokezana kila dakika 20 hivi, kwa sababu akichoka mmoja, makosa huanza mikononi kabla yeye mwenyewe hajayaona.